Injini Inayotetemeka Gari Lisimamapo: Somo la Ombwe Mjini Dodoma

Gari limesimama, dereva hakanyagi mafuta, na injini yatetemeka kama mtu mwenye homa. Usukani unatikisika, mngurumo unapanda na kushuka, na mara nyingine injini huzima kabisa. Mwendo huo wa injini isiyokanyagwa mafuta mafundi wa Tanzania huuita silensa. Silensa inapoharibika, wenye magari wengi hununua plagi mpya, kisha koili, kisha pampu ya mafuta, na mtetemeko hubaki palepale. Fedha hizo zingeweza kuokolewa kwa elimu ya fizikia ya sekondari.

Katika silensa injini nyingi za petroli huzunguka mara 700 hadi 900 kwa dakika. Injini ya silinda nne yenye mipigo minne, ikizunguka mara 800, huhitaji milipuko 1,600 kila dakika. Mlipuko mmoja ukikosekana, mwendo ni mdogo mno kuweza kuficha pengo hilo. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kusikiliza. Mtetemeko unaorudi kwa mapigo yaliyo sawa huelekeza kwenye silinda moja: plagi yake, koili yake, au valvu isiyofunga sawasawa. Plagi ikifunguliwa hutoa ushahidi wake. Rangi ya kahawia hafifu ni ya afya. Masizi meusi huonyesha petroli imezidi. Plagi iliyolowa petroli haikuwasha.

Mtetemeko usio na mpangilio, tena unaotulia mara mafuta yakanyagwapo, ni kisa kingine. Hapo mshukiwa mkuu ni hewa inayopenya isipotakiwa. Injini ikiwa katika silensa, kilango cha hewa karibu kimefungwa, na pistoni zinazovuta huacha ombwe ndani ya bomba la kuingizia hewa. Mpira uliopasuka au gasketi iliyolegea huruhusu hewa ya nje kuingia kwa nguvu. Kwa kuwa injini ya lita moja na nusu huvuta takribani lita 200 tu za hewa kwa dakika katika hali hiyo, ufa mdogo huharibu kabisa uwiano wa hewa na petroli, ambao kwa uzito ni karibu 14.7 kwa 1. Kilango kikifunguka, hewa halali huwa nyingi na ombwe hupungua, hata ufa uleule hausikiki tena. Kompyuta ya gari la kisasa haimalizi tatizo hili, kwani katika magari mengi hewa hupimwa langoni, na ile ipenyayo mbele ya kipimo haihesabiwi.

Ombwe hilo hupimwa kwa geji. Vitabu vingi vya ufundi husema kwamba injini nzima husoma sentimita 45 hadi 53 za zebaki. Lakini vipimo hivyo ni vya usawa wa bahari. Geji hulinganisha kanieneo ya ndani na ile ya nje, na Dodoma iko kiasi cha meta 1,120 juu ya usawa wa bahari. Kanieneo ya angahewa, ambayo Dar es Salaam ni sentimita 76 hivi, hapa ni karibu 67. Ile ya ndani ya bomba haibadiliki sana, maana injini huhitaji hewa ileile ili izunguke. Basi injini nzima mjini Dodoma itasoma kati ya 36 na 44. Fundi anayefuata kitabu bila kufikiri, akiona sindano imetulia kwenye 40, ataihukumu injini isiyo na kosa, na huenda akafungua valvu bure! Sindano iliyotulia lakini iko chini sana, kwa mfano 28, ndiyo ya kutiliwa shaka. Na ile inayoanguka kwa mapigo yaliyo sawa hurudisha uchunguzi kwenye silinda moja.

Mwinuko huohuo huyasumbua magari ya kabureta. Kabureta iliyorekebishwa pwani, ikifika Dodoma kilometa 450 hivi kutoka huko, hukuta hewa nyepesi na kutoa mchanganyiko wenye petroli nyingi mno. Vumbi la kiangazi likiziba chujio la hewa, hali huzidi kuwa mbaya, na plagi huwa nyeusi. Magari ya kompyuta hujirekebisha kwa mwinuko, ingawa uchafu kwenye kilango huyatetemesha pia.

Mpira mmoja ustahili kuchunguzwa kabla ya mingine yote: ule unaotoka kwenye bomba la hewa kwenda kwenye busta ya breki, chombo kinachotumia ombwe kuongeza nguvu ya mguu. Ukipasuka, injini hutetemeka na breki huwa ngumu kwa pamoja. Dereva aliyezoea mtetemeko huo, akauita uzee wa gari, aweza kuugundua ukweli akiteremka Nyang'oro kwenye barabara ya Iringa. Jaribio lake ni rahisi. Injini ikiwa imezimwa, breki hukanyagwa mara nne au tano mpaka pedali iwe ngumu. Kisha mguu ukiwa bado juu yake, injini huwashwa. Pedali ikizama kidogo, busta inapata ombwe. Isipozama, gari lisiondoke uani.