Mbigili na Dawa za Nguvu za Kiume

Kila aendaye miguu mitupu katika nchi kavu aujua mbigili, mmea utambaao chini, wenye maua ya manjano na tunda la miiba ichomayo nyayo. Jina lake la Kilatini ni Tribulus terrestris. Waganga wa Bara Hindi huuita gokshura, nao wauhesabu katika dawa za kale za mwanamume aliyepungukiwa na nguvu za ndoa.

Elimu yao, Ayurveda, maana yake ni elimu ya uhai, ina matawi manane; moja, vajikarana, lahusu nguvu za kiume na uzazi. Mganga mwenye kufuata kanuni zake haanzi na mizizi. Kwanza humwuliza mgonjwa habari za chakula, usingizi, uchovu na huzuni, kisha humsafisha tumbo. Ndipo humpa maziwa, samli na dawa kama ashwagandha, mmea uotao hata Afrika Mashariki.

Wahindi waliijua Tabora tangu zamani za misafara: Musa Mzuri, mfanyabiashara wa Surat, alimkaribisha Speke huko Kaze mwaka 1861. Lakini Wanyamwezi wana waganga wao, bafumu, ambao nao hupiga ramli kutafuta asili ya ugonjwa kabla ya kuchimba dawa. Njia ni mbalimbali, ila neno hili ni moja: asili kwanza, dawa baadaye.

Sivyo afanyavyo mwuza vidonge wa sokoni, ambaye hamwulizi mtu neno. Tena uchunguzi haujathibitisha kwamba mbigili huongeza homoni ya kiume kwa wanadamu. Mwaka 2004 wataalamu walipima dawa 70 za Ayurveda zilizouzwa madukani mjini Boston, Marekani; 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Dawa nyingine ziitwazo za miti tu zimekutwa zimetiwa sildenafili kwa siri, nayo ikikutana na dawa fulani za moyo yaweza kuua.

Shida kubwa ni aibu. Neno hanithi, lililotoka Kiarabu, ni jina la ugonjwa na tusi pia. Kwa hiyo watu husema kwa fumbo kwamba jogoo hapandi mtungi. Mume hunyamaza, na mke hulaumiwa kuwa tasa. Yafaa kutofautisha: ugumba ni kukosa kuzaa, na mgumba aweza kuwa na nguvu zake zote.

Basi mwalimu au padre akijiwa na mtu wa namna hii, asitumie neno la tusi, wala asicheke. Amwulize kwa faragha, kisha amhimize kwenda kupimwa hospitali. Maana kupungukiwa huku mara nyingi ni dalili ya kisukari, ya shinikizo la damu au ya mishipa ya moyo kuziba. Anyamazaye kwa aibu huenda anaficha ugonjwa wa kumwua.