Wapima Ardhi wa Embu na Meru: Habari Zao Zatafutwaje?

Mkaaji wa Majengo, mjini Meru, mwenye shamba la urithi huko mlimani, aghalabu hana cha kumwonyesha mipaka yake ila ramani yenye mistari na nambari. Ni nani aliyeipiga mistari ile, na kwa chombo gani? Swali hili si la kupoteza wakati, maana ndugu wamepelekana mahakamani kwa ajili ya mstari mmoja.

Zamani mpaka ulikuwa mto, mti au jiwe, na shahidi wake ni mzee wa ukoo. Bwana H. E. Lambert, aliyekuwa D.C. wa Meru katika miaka ya 1930, aliziandika desturi hizo katika taarifa iliyochapwa mwaka 1950. Ndiye Lambert yule yule aliyechunguza lahaja za Kiswahili cha Jomvu, Vumba na Chifundi.

Mpima wa Serikali alikuja na mnyororo wa futi 66, wenye vipande 100. Minyororo 80 ni maili moja. Minyororo 10 ya mraba ni eka moja. Alikuwa pia na theodolaiti, yaani darubini ya kupimia pembe, iliyosimama juu ya miguu mitatu. Hivyo ndivyo yalivyopimwa mashamba ya walowezi, na kila pembe ikawekewa alama ya kudumu.

Mashamba ya Waafrika hayakupimwa hivyo. Mpango wa Bwana Swynnerton wa mwaka 1954 ulitaka vipande vilivyotawanyika viunganishwe upesi. Basi kamati za wazee ziliamua haki ya kila mtu, mipaka ikachorwa kwa msaada wa picha zilizopigwa na ndege, na wenyewe wakaagizwa kupanda ua. Ramani za namna hiyo huonyesha mpaka kwa jumla tu, wala si kwa inchi. Anayezichukua na kumdai jirani yake hatua mbili hukosea.

Lakini huo ulikuwa wakati wa Hali ya Hatari, na watu wengi walikuwa kizuizini. Tena sheria ya ardhi ya mwaka 1963 haikuruhusu mahakama kusahihisha uandikishaji wa kwanza, hata kama ulipatikana kwa hila. Kifungu hicho kizito kilidumu hadi sheria mpya ya mwaka 2012.

Huko Mbeere kazi ilifuata baadaye, chini ya sheria ya mwaka 1968. Koo zilishindana kwa nasaba, na mzee aliyeweza kutaja majina ya mababu akawa mtu wa thamani kubwa. Mwanachuoni Mmarekani, Jack Glazier, aliyaeleza hayo katika kitabu cha mwaka 1985.

Atakaye kuchunguza na aanze katika ofisi ya ardhi ya huko, kisha Idara ya Upimaji huko Ruaraka, Nairobi. Taarifa za ma-D.C. zimo katika Nyaraka za Taifa, zilizoanzishwa mwaka 1965. Picha za ndege za idara ya upimaji ya makoloni, iliyoundwa London mwaka 1946, zimehifadhiwa Edinburgh.

Jina la mpima huonekana pembeni mwa ramani yake. Majina ya walioshika mnyororo na kufyeka njia ni shida kuyapata katika karatasi; hayo huulizwa barazani, kwa wazee na watoto wao.