Nani Aamue Kama Ile Ni Suti?

Tarehe 24 Juni 2025 Rais Volodymyr Zelenskyy wa Ukraine alifika The Hague kwa mkutano wa NATO akiwa amevaa koti jeusi na suruali nyeusi. Vyombo vya habari kadhaa vikaandika kwamba safari hii amevaa suti. Polymarket, soko la mtandaoni ambako watu huweka fedha kutabiri matukio, lilikuwa na swali tayari: je, Zelenskyy atavaa suti kabla ya Julai? Fedha zilizozunguka kwenye swali hilo zilipita dola milioni 200. Mwezi Julai likatoka jibu la mwisho: hapana, hakuvaa.

Jibu hilo halikutoka kwa hakimu, wala kwa wenye soko. Lilitokana na kura za watu wanaomiliki tokeni, yaani sarafu za kidijitali, za mradi uitwao UMA.

Kura zinahitajika kwa sababu blokucheni haina macho. Ni daftari linalotunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja, na inajua yale tu yaliyoandikwa humo. Mkataba mahiri, yaani programu inayoishi ndani ya daftari hilo, unaweza kushika fedha na kuzilipa bila kumngoja karani, lakini hauwezi kujua kama mvua imenyesha Machakos au nani ameshinda uchaguzi. Lazima mtu auletee habari. Na akiwa mtu mmoja, basi yeye ndiye mwenye fedha zote, maana neno lake ndilo linalozihamisha.

Wakati wa swali la suti, mtu yeyote aliweza kupendekeza jibu kwenye mfumo wa UMA akiweka dhamana, kwa kawaida dola 750. Zikipita saa mbili bila mpinzani, jibu linapita. Mpinzani naye huweka dhamana yake, na swali likipingwa mara ya pili linapelekwa kwenye kura. Siku ya kwanza kila mpiga kura hutuma kura iliyofungwa kwa hesabu za siri, hivyo hakuna anayeweza kuangalizia ya mwenzake; siku ya pili wanazifungua. Aliyekuwa upande wa wengi hupata zawadi, na aliyekuwa upande mwingine hukatwa sehemu ya tokeni zake.

Wazo hili limetokana na Thomas Schelling, mchumi wa Marekani. Katika kitabu chake cha mwaka 1960 alieleza alivyowauliza watu: unatakiwa kukutana na mtu New York, hamkupanga mahali wala saa, utakwenda wapi? Wengi walitaja stesheni ya Grand Central, saa sita mchana. Watu wasiowasiliana huelekea pale ambapo kila mmoja anadhani mwenzake ataelekea. Mwaka 2014 Vitalik Buterin, mmoja wa waanzilishi wa blokucheni ya Ethereum, alipendekeza kulitumia wazo hilo kwenye blokucheni: waulize watu wengi kwa siri, walipe wanaokubaliana, na ukweli utashinda kwa kuwa ndio ulio wazi kuliko uongo wowote.

Hapo ndipo penye nyufa. Mfumo haulipi ukweli, unalipa kukubaliana na wengi. Mwaka 2015 Buterin mwenyewe alieleza shambulio linaloutumia ufa huo. Tuseme kupiga kura na wengi kunalipa shilingi 100. Tajiri mmoja anatangaza: atakayepiga kura ya uongo na kushindwa, nitamlipa 101. Ukweli ukishinda, mwongo anapata 101 na mkweli 100. Uongo ukishinda, mwongo anapata 100 za mfumo na mkweli hana kitu. Kwa hesabu zote mbili uongo unalipa zaidi, basi wote wanaupigia kura, uongo unashinda, na yule tajiri hatoi hata senti. Ahadi yake anaweza kuifunga ndani ya mkataba mahiri, wapiga kura wakaiamini bila kumjua.

Hata bila hila hiyo, kura zinapopimwa kwa wingi wa tokeni, mwenye nyingi ana sauti kubwa. Machi 2025 Polymarket ilikuwa na swali kuhusu mkataba wa madini kati ya Marekani na Ukraine, lenye dola milioni 7 hivi. Mkataba wenyewe haukusainiwa hadi mwisho wa Aprili, lakini jibu la Machi lilikuwa ndiyo. Ilidaiwa kwamba mmiliki mmoja alikuwa na robo ya kura zote. Polymarket ilikiri kwamba matokeo hayo hayakuwa yale yaliyotarajiwa, ila haikurudisha fedha.

Kleros, mradi ulioanzishwa mwaka 2017 na Federico Ast na Clément Lesaege, umechukua njia ninayoiona bora. Waamuzi huchaguliwa kwa bahati nasibu kati ya walioweka tokeni, husoma ushahidi, na uamuzi wao unaweza kukatiwa rufaa: kutoka waamuzi 3 hadi 7, kisha 15, kisha 31. Kuhonga watu usiowajua, wanaoongezeka kila rufaa, ni kazi ngumu. Bado mwenye tokeni nyingi ana nafasi kubwa zaidi ya kuchaguliwa, na swali lililoandikwa ovyo litabaki ovyo hata mbele ya waamuzi 31. Suti ni nini hasa? Hilo lilipaswa kuandikwa kabla ya dola ya kwanza kuwekwa.

Nchini Kenya, Etherisc na ACRE Africa wameshatumia blokucheni kwa bima ya mazao: takwimu za hali ya hewa zinaonyesha ukame, malipo yanatoka bila mkaguzi kufika shambani. Lakini takwimu huonyesha eneo zima, na mahindi ya mkulima yanaweza kukauka wakati jirani amepata mvua. Mkulima huyo akitaka kupinga, dhamana kama ile ya dola 750 inaweza kuzidi thamani ya mavuno yake. Kleros inaruhusu watu wengine kuchangia ada ya rufaa, na upande wao ukishinda wanagawana ada iliyolipwa na walioshindwa. Wajenzi wa bima waanzie hapo, na picha aliyopiga mkulima kwa simu ipokewe kama ushahidi.