Mawimbi ya redio: kwa nini waifai ya sebuleni haifiki banda la uani

Watahiniwa wengi huichoka mada ya mawimbi kwa sababu wanaikariri bila kuiona. Mtihani utaujibu kwa Kiingereza, ni kweli, lakini fikra yenyewe ielewe kwanza kwa lugha unayoitumia nyumbani. Tuanze basi na nyumbani.

Nyumba nyingi za Tabora, iwe Ng'ambo, Isevya au Cheyo, zina nyumba kubwa mbele na banda la uani nyuma. Rauta iko sebuleni, pembeni ya televisheni. Kijana wa kidato cha nne analala na kusomea kwenye banda. Usiku anataka kupakua mitihani iliyopita kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani. Simu inaonyesha kijistari kimoja cha waifai, kisha hakuna kitu. Umbali ni mita 20 tu. Bando limelipiwa, intaneti imefika mpaka sebuleni, imeshindwa kuvuka ua.

Habari kukwama kwenye kipande cha mwisho si jambo geni hapa. Mfuko wa barua za Livingstone, ulioandikwa tarehe 1 Novemba 1870, ulitoka Zanzibar, ukapita njia ya misafara mpaka Unyanyembe, yaani Tabora hii hii, ukabaki hapo. Mwaka 1871 vita vya Mtemi Mirambo viliifunga njia ya kwenda Ujiji. Stanley aliuchukua mfuko ule, akazunguka upande wa kusini, akamfikishia mwenyewe Novemba mwaka huo. Kwanza alijua kinachoziba njia, ndipo akachagua pa kupita. Nasi tufanye hivyo kabla ya kwenda dukani kununua kifaa.

Rauta ya kawaida hurusha mawimbi ya redio ya masafa ya gigahezi 2.4, yaani hezi 2.4 × 10⁹. Mawimbi haya ni ya sumakuumeme kama mwanga, na kasi yake ni mita 3 × 10⁸ kwa sekunde. Kanuni unaijua: kasi ni masafa mara urefu wa wimbi. Gawanya 3 × 10⁸ kwa 2.4 × 10⁹, unapata mita 0.125, yaani sentimita 12.5. Namba hiyo ishike, kwa sababu ndiyo itakayokuambia nini kinazuia na nini hakizuii.

Umbali nao una sehemu yake. Wimbi likisambaa pande zote, nguvu yake hupungua kwa mraba wa umbali. Ukitoka mita 5 kutoka kwenye rauta ukaenda mita 20, umbali umeongezeka mara 4, nguvu inabaki moja ya kumi na sita. Inasikika kama hasara kubwa, lakini simu imeundwa kupokea nguvu ndogo kuliko hiyo. Uwanjani pasipo na kizuizi, mita 20 si kitu. Tatizo liko kwenye vitu vilivyo katikati.

Kuta za tofali hufyonza sehemu ya nishati ya wimbi, na ukuta wa udongo ulioloa hufyonza zaidi kwa sababu ya maji. Nenda ukaone tembe la Livingstone pale Kwihara, na kuta zake nene za udongo: nyumba nzuri kwa joto, mbaya kwa waifai. Wimbi likiukata ukuta kwa mshazari hupita ndani ya udongo mwingi kuliko likiingia moja kwa moja. Miti nayo imo. Miti mingi ya miombo hupukutisha majani wakati wa kiangazi, lakini miembe, ambayo Tabora imejaa, hubaki na majani mwaka mzima, na majani ni maji. Mvua ikinyesha, mwembe ulio katikati ya ua unakuwa kizuizi kikubwa zaidi.

Bati halifyonzi, linaakisi. Banda lenye kuta za bati huacha wimbi liingie kwa dirisha na mlango tu. Hapa ndipo sentimita 12.5 inapofanya kazi, maana watu wengi hulaumu nondo za dirisha na kusahau wavu wa mbu. Nondo zilizoachana sentimita 15 zinapitisha sehemu kubwa ya wimbi. Wavu wa chuma, wenye matundu ya milimita moja au mbili, kwa wimbi hilo ni sawa na bati zima. (Mlango wa jiko la maikrowevu una wavu wa namna hiyo kwa sababu hiyo hiyo.) Wavu wa nailoni hauna shida. Kama huna hakika wako ni upi, kwangua rangi kidogo sehemu mbili, gusisha ncha za mita ya maabara: ukinzani ukiwa mdogo, ni chuma.

Sasa tiba. Ya kwanza haina gharama: iondoe rauta nyuma ya televisheni, iweke juu, karibu na dirisha linalotazama banda. Kama rauta yako ina masafa mawili, banda litumie 2.4 na si 5, kwa kuwa mawimbi ya gigahezi 5 yana kasi kubwa ya data lakini hudhoofika zaidi yakipita ukutani.

Hapo ndipo watu hukimbilia busta. Kosa la kawaida ni kuichomeka ndani ya banda, ambako mawimbi yameshakufa. Busta hurudia kile inachosikia. Isiposikia, haina cha kurudia. Iweke pale ambapo simu bado inapata mawimbi mazuri, kwa mfano dirisha la nyuma la nyumba kubwa. Pia ujue kwamba busta ya bei nafuu hupokea na kurusha kwa zamu, hivyo kasi inaweza kushuka hadi nusu.

Antena mbili zinazotazamana, moja kwenye kila jengo, nje chini ya paa, hufanya kazi vizuri zaidi, kwa sharti kwamba mwembe hauko kati yake. Kuta hazihusiki tena. Ndani ya banda unaingiza kebo tu.

Kebo yenyewe iliyofukiwa ndani ya bomba ndiyo imara kuliko zote, nayo huruhusiwa mpaka mita 100. Mimi nina tahadhari moja. Tabora hupata radi nyingi kuanzia Novemba mpaka Aprili, na waya wa shaba unaounganisha majengo mawili unaweza kupitisha mshtuko kutoka jengo moja hadi lingine. Chomoa pande zote mbili wingu likitanda, au tumia nyuzi za kioo, ambazo hazipitishi umeme.

Jipime: Kokotoa urefu wa wimbi la gigahezi 5 (jibu ni sentimita 6). Kisha eleza, kwa kutumia jibu hilo, kama nondo zilizoachana sentimita 4 zitalizuia zaidi au kidogo kuliko wimbi la gigahezi 2.4.