Nani anamlisha kiongozi wa kikundi?

Somo: Kutoka 18:13-27; Matendo ya Mitume 6:1-7

Tangu tulipogawanya kanisa letu hapa Bengamisa katika vikundi vya nyumbani, ambavyo wengi wetu tunaviita selile, swali moja linarudi katika kila mkutano wa wazee. Mbona kikundi kinaanza na moto, na baada ya miezi michache anabaki mwenye nyumba na watoto wake? Tulizoea kujibu kwamba watu wamepoa katika maombi. Siku hizi tunaona jibu hilo ni jepesi mno. Mara nyingi aliyepoa ni kiongozi, na waliomchosha ni sisi tuliomweka.

Tazameni siku ya kiongozi mmoja wa kikundi. Alfajiri yuko njiani kwenda shambani. Mchana anarudi na mihogo na kuni kichwani. Jioni anatafuta mafuta ya taa, anapanga viti alivyoazima kwa jirani, na anafungua Biblia ambayo kurasa zake nyingine zimekwisha kupotea. Akisikia mshiriki ana homa kali, ni yeye anayemtafutia pikipiki ya kumpeleka kwa daktari, na mara nyingi ni yeye anayelipa. Jumapili tunamwuliza: watu wangapi walikuja? Hatumwulizi amekula nini, wala ni nani anayemfundisha yeye.

Shauri la Yethro tunalipenda sana kwa sababu ya wakuu wa elfu, wa mia, wa hamsini na wa kumi. Tunahubiri hesabu hiyo kana kwamba ndiyo yote. Lakini someni aya ya 20: kabla ya kuchagua mtu yeyote, Musa aliambiwa awafundishe watu sheria na kuwaonyesha njia ya kuiendea. Kisha aya ya 21 inataja watu wa namna gani: wenye kumcha Mungu, wa kweli, wenye kuchukia mapato ya udhalimu. Na aya ya 22 inaacha mlango wazi, maana neno gumu linarudi kwa Musa. Sisi tulifanya sehemu ya katikati tu, na hata hiyo tuliifanya nusu, kwa kuwa tulichagua wale wanaoomba kwa sauti kubwa.

Si sisi wa kwanza kujifunza hayo kwa shida. Mwaka 1742, huko Bristol katika Uingereza, John Wesley na watu wake walikuwa na deni la nyumba yao ya ibada. Mmoja wao, Kapteni Foy, akashauri kwamba kila mshiriki atoe peni moja kwa juma, na watu wagawanywe kumi na wawili kwa kila mkusanyaji. Wengine wakasema maskini hawataweza. Foy akaomba apewe maskini kumi na mmoja: asiyeweza kutoa, yeye atamtolea. Basi wakusanyaji wakaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba. Walikwenda kutafuta peni, wakakuta mume anayelewa, mke anayelia, kijana aliyeacha kusali. Wesley akaona kwamba jambo lililoanzishwa kwa ajili ya deni limekuwa njia ya kuchunga roho za watu. Kuanzia hapo wakusanyaji wakawa viongozi, na wao wenyewe walikutana na mhubiri kila juma kuleta habari za watu wao na kupewa shauri.

Huyo mhubiri wa kila juma ndiye tuliyemsahau sisi.

Mfano wa pili ni wa Wapentekoste wenzetu. Mwaka 1964 huko Seoul, Korea, mchungaji Yonggi Cho alianguka mimbarani kwa uchovu. Kanisa lilikuwa na watu maelfu, na yeye alitaka kufanya kila kitu mwenyewe. Alipowaomba mashemasi wanaume wachukue vikundi nyumbani, walisita. Wanawake wakakubali. Mwanzoni kila mmoja alifundisha kama alivyojua, na mchafuko ukatokea. Ndipo Cho akaanza kuwapa somo moja lililoandikwa. Kanisa lile lilikuja kuhesabiwa kati ya makubwa kabisa duniani. Lakini mwaka 2014 mahakama ya Korea ilimhukumu mchungaji huyo huyo kwa mambo ya mali ya kanisa. Tunaandika habari zote mbili, kwa sababu wengi wetu tunapenda kusimulia ile ya kwanza tu.

Na hapo tunafika kwenye faranga, ambapo vikundi vyetu vingi vimekufa.

Katika kikundi kimoja, sadaka ya Jumatano iliwekwa pamoja na likelemba ya akina mama. Ilionekana ni jambo la upendo, sanduku moja. Mtu mmoja akachukua zamu yake ya likelemba, mwingine akafiwa na kuomba msaada, na sanduku halikutosha. Hakuna aliyeiba. Lakini hakuna aliyeandika pia, na maneno yakaanza. Familia tatu hazijarudi mpaka leo. Kiongozi wao alikuja kwetu akilia, nasi tukamwambia aombe. Tunakiri kwamba alihitaji daftari kabla ya maombi.

Kwa hiyo wazee wamekubaliana hivi. Likelemba ni jambo jema, lakini ikae mbali na sadaka. Nusu ya sadaka ya kikundi itabaki kwa kikundi chenyewe, kwa mgonjwa, mfiwa, mafuta ya taa na mawe ya radio. Nusu itakuja kanisani. Watu wawili wasiokaa nyumba moja wataiandika, na daftari litasomwa kwa sauti mbele ya wote kila mwezi. Kuna ndugu waliosema kwamba kuacha nusu huko kutapunguza mfuko wa kanisa. Ni kweli utapungua. Lakini tumekuwa tukituma viongozi kazini mikono mitupu, halafu tunawashangaa.

Matendo 6 inatusaidia pia kwa jambo la nani anasahauliwa. Wajane walionung'unikiwa pale walikuwa wa Wayahudi wa Kiyunani, waliotoka mbali. Mitume hawakuwaambia wanyamaze. Walitaka wachaguliwe watu saba, na majina ya wote saba ni ya Kiyunani. Meza ilikabidhiwa watu wenye majina kama ya walionung'unika. Kwetu hapa Bamanga ndio wenyeji, na kuna ndugu waliofika kutoka kwingine. Tangu mapigano ya Wambole na Walengola yalipoanza mwaka 2023, tunajua jimbo letu la Tshopo limejaa watu waliolala kwa wenzao. Kikundi ambacho shemasi, mtunza daftari na kiongozi ni wa jamaa moja, hata wakiwa waaminifu, mgeni atakaa nyuma na hatasema ana njaa.

Iko hofu nyingine ambayo inasemwa chinichini: tukimfundisha kiongozi vizuri na kumwachia fedha, siku moja ataondoka na kundi na kufungua kanisa lake. Imewahi kutokea, hatukatai. Lakini tukiangalia walioondoka, wengi walikuwa wameachwa peke yao muda mrefu. Mtu anayekutana na mchungaji wake kila juma, akamweleza taabu zake na kusahihishwa, anaondoka kwa shida. Na yule ambaye bado anataka kuondoka, afadhali aondoke akijua Neno kuliko bila kulijua.

Kuanzia juma lijalo, basi, viongozi wote watakutana kanisani Jumamosi saa kumi, soko likiisha. Somo la Jumatano litasomwa pale kwanza, maswali yataulizwa pale, na kila mmoja ataondoka na karatasi hii. Somo lile lile litasikika radioni Jumatano jioni. Kikundi kisicho na msomaji mzuri kitasikiliza pamoja, kisha kitazungumza. Kila kiongozi aje na msaidizi mmoja, ambaye ataongoza Jumatano ya mwisho ya mwezi, ili kiongozi akae tu na kusikiliza kama wengine. Wanaotoka mbali kwa baiskeli watapata chakula. Akina baba wa kanisa wamekubali kupika zamu ya kwanza, kwa hiyo msitegemee sombe ya mama zenu.

Daftari ziko kwa katibu. Anayechukua aandike jina la kikundi chake juu, na majina ya wale wawili watakaoandika.