Mwenye ghala, sikiliza kwanza ndipo ufukuze

Ukiwa na vijana watatu wa kupakia magunia, wewe tayari ni kiongozi, hata kama hujawahi kukalia kiti cha ofisi. Nawaambia wenzangu wa biashara ya mpakani na ndugu zetu waliorejea kutoka Tanzania: kununua na kuuza tunakujua, lakini kuongoza watu hatukufundishwa.

Hapa Gasenyi, kaskazini mwa Bujumbura, ambako China ilijenga Ikulu iliyokabidhiwa mwaka 2019, lipo ghala dogo la maharage ninalonunua mara kwa mara. Siku moja hesabu ilipungua magunia mawili. Lawama zote zikamwangukia mpakiaji aliyerejea kutoka kambi ya Nduta, Kigoma. "Hawa wa Tanzania ndivyo walivyo," wenzake wakasema mbele yangu.

Mwenye ghala, mama wa makamo, hakumfukuza. Aliwaketisha wote juu ya magunia, akampa mshtakiwa nafasi ya kwanza, akawasikiliza wanaomshtaki bila kuwakatiza, kisha akaomba daftari. Kumbe kijana alikuwa ameandika kila gunia lililotoka, ila kwa Kiswahili. Karani aliyesoma kwa Kifaransa hakujishughulisha kulifungua. Magunia mawili yalikuwa yamekopeshwa kwa mchuuzi, na jina lake limo humo.

Mama huyo hakusomea uongozi. Alifanya kama bashingantahe, wazee wetu wa usuluhishi, ambao jina lao linatokana na kusimika intahe, fimbo ya haki. Hao husikiliza pande zote hadharani kabla ya kuamua. Mkataba wa Arusha wa Agosti 28, 2000 nao ulitaka taasisi hiyo ifufuliwe.

Suala la lugha lisichukuliwe kwa mzaha. Watoto wa wakimbizi wa 1972 waliokulia Katumba, Ulyankulu na Mishamo walisoma kwa Kiswahili. Mpe mmoja wao fomu ya Kifaransa, akikosea utamwita mvivu, kumbe ni fundi wa hesabu kukushinda.

Sasa daftari ni moja, kwa Kirundi, na kila jioni karani na mpakiaji wanatia saini wote wawili. Karani hakupenda, na mpaka leo hapendi. Lakini mama anapokwenda Kobero kufuata mzigo, ufunguo wa ghala humwachia yule kijana wa Nduta.