Mimba ya Kwanza na Malaria

Kwenye kliniki ya wajawazito swali hili hatulikosi: "Sista, mimi nimezaliwa hapa hapa kwenye mbu, na sijaugua homa tangu nimalize shule. Hivi vidonge vya malaria ni vya nini tena?" Mara nyingi anayeuliza ni binti mwenye mimba ya kwanza. Pembeni yake amekaa mama mkwe, naye anaitikia kwa kichwa.

Binti hasemi uongo. Aliyekulia Tanga, Lindi au kandokando ya Ziwa Viktoria ameumwa na mbu tangu uchanga. Utotoni malaria ilimtesa, naye akipona kila mara mwili wake ukazidi kuvitambua vimelea. Akiwa mtu mzima anaweza kuwa navyo katika damu na bado akalima na kupika. Hiyo ndiyo kinga, ingawa si kamili.

Tatizo ni kwamba mimba huleta kiungo kipya, yaani kondo la nyuma. Vimelea hukaa ndani ya chembe nyekundu za damu na kuzitia kama vikulabu vya kujishikizia. Vikulabu vya aina nyingi mwili wa binti unavijua, lakini vipo vya aina moja ambavyo hushika kwenye kondo, na hivyo hajawahi kukutana navyo kwa kuwa kondo lenyewe hakuwa nalo. Mwaka 1996 watafiti Michal Fried na Patrick Duffy walilionyesha jambo hili kwa kuchunguza makondo ya akina mama wa magharibi mwa Kenya. Mwaka 1998 wakaonyesha kuwa wanawake waliokwisha kubeba mimba kadhaa katika sehemu zenye malaria wana askari wa mwili wanaozuia vikulabu hivyo, na wa mimba ya kwanza hawana.

Basi mama mkwe anaposema, "Mimi nilizaa saba bila kidonge," huwa tunamwuliza kwa upole, je, yule wa kwanza alikuwaje? Wapo wanaonyamaza kidogo, kisha wakasema alizaliwa mdogo mno, au hakuishi. Hatuwezi leo kusema ilikuwa malaria. Lakini ndivyo malaria ya kondo inavyofanya: mtoto hupungukiwa chakula tumboni, akazaliwa kabla ya wakati au chini ya kilo 2.5, na mama huingia katika uchungu akiwa hana damu ya kutosha.

Tena hufanya hivyo kimyakimya. Mama anaweza asipate homa kabisa, na damu ya kidoleni isionyeshe kitu, kumbe vimelea vimejificha kwenye kondo.

Ndiyo sababu tunatoa SP kwa asiyeumwa. Ni vidonge vitatu kwa mara moja, vinamezwa mbele ya muuguzi. Shirika la Afya Duniani linaagiza dozi ya kwanza itolewe kuanzia wiki ya 13, nyingine zifuate kwa nafasi ya mwezi mmoja au zaidi, zifike angalau tatu. Anayekuja kliniki mwezi wa nane, dozi tatu atazipata wapi? Asiyepatana na dawa za salfa atuambie mapema. Mwenye virusi vya UKIMWI anayetumia septrini hapewi SP, bali aendelee na septrini yake bila kukosa, maana kinga yake ni dhaifu hata katika mimba ya nne. Na foliki asidi ya miligramu 5 isichanganywe na SP, kwani huipunguza nguvu. Ile ya miligramu 0.4 haina shida.

SP ni ya kuzuia, si ya kutibu. Homa ikija, apimwe siku hiyo hiyo. Tangu mwaka 2022 Shirika hilo limekubali dawa mseto ya artemeta na lumefantrini itumike hata katika miezi mitatu ya kwanza. Chandarua chenye dawa alalie kila usiku, hata kama joto linamkera.

Tusiwasahau pia mabinti walioolewa kwenye baridi, kama Njombe, wakarudi nyumbani kujifungua. Kinga ya utotoni hufifia mtu akikaa miaka bila kuumwa na mbu wa malaria. Mgeni wa namna hiyo, hata kama ni mimba yake ya tatu, huweza kuzidiwa katika muda wa siku chache tu. Chandarua chake kifungwe kabla hajashuka kwenye basi.